Mzee Majuto wa Tanga: Nani Anayedaiwa na Marehemu?



Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa ukumbini nyumbani kwetu Chamazi, wakubwa na wadogo pamoja, na televisheni ilikuwa ikionyesha kichekesho cha zamani. Akatokea kiooni mzee mmoja, akakunja uso, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu cha thamani. Hata hajatamka neno, watoto walikwisha anza kucheka. Mjukuu wetu mmoja, ambaye bado hajafika umri wa kwenda shule, akageuka akatuuliza: "Babu, huyu mzee anakaa wapi?"

Tukamjibu: "Alikuwa akikaa Tanga, mjukuu wangu. Amekwisha kufa. Tumwombee Mungu."

Mtoto akatazama kioo, kisha akatutazama sisi, na kisha akatazama kioo tena. Akasema: "Mbona bado anachekesha?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Mtoto hakukosea. Mbele ya macho yake mtu alikuwa akitembea, akisema na kukasirika, na watu wa nyumba nzima walikuwa wakimfurahia, hali mwenyewe yumo kaburini. Zamani mtu akifa sauti yake ilikufa naye. Zama hizi mtu hufa na kazi yake ikaendelea kufanya kazi, usiku na mchana, katika nyumba asizopata kuingia na mbele ya watoto waliozaliwa baada yake. Neno la mtoto yule lilitukalia moyoni siku nyingi, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Sisi tunaokaa Chamazi twajua kidogo nguvu ya televisheni. Mahali petu hapa, mbele ya Mbagala, palikuwa pa mashamba, minazi na miembe na mihogo, na mjini kulikuwa na watu wengi wasiojua kama tuko. Leo nyumba zimejaa, na jirani wa mkono wa kulia katoka Tanga, na wa mkono wa kushoto katoka Lindi au Kigoma. Na kwa kuwa uwanja wa mpira wa Azam uko kwetu, na mechi zake huonyeshwa nchi nzima, jina la Chamazi hutajwa na watu ambao hawajapata kukanyaga wilaya ya Temeke. Lakini wanalolijua ni jani la uwanja na taa zake. Hawajui barabara zetu wakati wa masika, wala hawajui nani mgonjwa na nani kafiwa. Kuonekana ni jambo moja na kujulikana ni jambo jingine. Na kama ndivyo ilivyo kwa mahali, ndivyo ilivyo kwa mtu.

MTU MWENYEWE

Mzee yule wa kiooni jina lake alilopewa na wazazi wake ni Amri Athumani. Alizaliwa Tanga mwaka 1948. Watu wengi walimwita King Majuto, na wengine, kwa heshima ya Hijja, wakimwita Alhaji. Alianza kuigiza jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto mdogo, nchi ikiitwa Tanganyika na ikitawaliwa na Waingereza. Tangu mwaka huo hata mwaka aliokufa, 2018, ni miaka 60 kamili. Ni wachache katika nchi yetu walioshika kazi moja kwa muda kama huo, iwe ni kazi ya kalamu, au ya jembe, au ya jahazi.

Katika miaka hiyo 60 alipita njia zote ambazo kichekesho kimepita katika nchi yetu. Alipoanza, Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilipata ya kwake mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulikaa na redio tu mpaka mwaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi, ITV miongoni mwao. Kabla ya hapo mchekeshaji alikuwa mtu wa jukwaa. Watu walikata tiketi wakaingia ukumbini kutazama ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho katika usiku mmoja, kama ilivyokuwa desturi katika zama za vikundi kama Muungano na Mandela. Aliyetaka kucheka alimfuata mchekeshaji alipo, akalipa mlangoni, na mchekeshaji akaona kwa macho yake watu wangapi wameingia.

Kisha zikaja kanda za video, naye Mzee Majuto alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuweka vichekesho vyake katika kanda na kuviuza. Baada ya kanda zikaja sahani, baada ya sahani televisheni ikaenea kila kata, na baadaye simu za mkononi. Kila chombo kipya kilimpeleka mbali zaidi na mji wake, na kila chombo kipya kilimpunguzia uwezo wa kujua nani anamtazama na nani analipa. Yule aliyekuwa akihesabu watu mlangoni sasa alikuwa akitazamwa na mamilioni, wala hapakuwa na mlango wa kusimama ahesabu.

TANGA NA WANAWE

Tanga ni mji wa zamani, mji wa bandari, wa reli na wa mkonge. Ni mji wa mitaa ya Ngamiani ambayo barabara zake huitwa kwa hesabu: barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ni mji ambao watu wake husifiwa kwa ulimi laini na kwa maneno yenye mafumbo. Karibu na mji huo, Vibambani, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, mtu aliyekipa Kiswahili heshima kubwa katika karne iliyopita. Hatumfananishi mshairi na mchekeshaji. Twasema tu kwamba wote wawili walinywa katika kisima kimoja cha lugha, na mtu aliyemsikiliza Mzee Majuto kwa makini alijua kwamba kicheko kile kilitoka katika maneno ya barazani, yaani mwendo wa kusema wa Mtanga, anayekutukana kwa adabu ukacheka, kisha njiani ukagundua kwamba umetukanwa.

Bibi mmoja jirani yetu hapa Chamazi, mwenyeji wa Tanga, alitueleza kwamba kila amwonapo mzee yule katika televisheni hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kwa sababu husikia sauti ya wajomba zake. Hivyo ndivyo mji unavyomkumbuka mtu wake. Sisi wengine twakumbuka kichekesho, na mwenyeji hukumbuka lafudhi, mwendo, kofia, na namna ya kuitikia salamu. Kwa mtu aliyeiacha Tanga miaka 30 iliyopita akaja kujenga Chamazi, mzee yule alikuwa barua kutoka nyumbani.

Na sifa moja ya marehemu ambayo watu wa Tanga huitaja ni kwamba hakuuhama mji wake. Wasanii wengi, jina likikua, huhamia Dar es Salaam palipo na fedha na kamera. Yeye alikuwa na nyumba yake Donge, na shamba lake Kiruku, akaenda kwenye kazi na kurudi. Umaarufu wake ulikuwa wa nchi nzima na hata nje ya mipaka, na makazi yake yakabaki pale pale penye jamaa zake.

UGONJWA NA MIKATABA

Mwaka 2018 habari zilienea kwamba Mzee Majuto ni mgonjwa sana. Alitibiwa Dar es Salaam, akapelekwa India, akarudi, na hatimaye akalazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Watu walichanga na wengine wakamwombea misikitini, na serikali nayo ikasaidia. Ndipo likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Watu waliuliza: mtu huyu, ambaye uso wake tumeuona katika filamu nyingi na katika matangazo ya biashara, imekuwaje ugonjwa umemkuta akihitaji mchango?

Swali hilo lilifika mbali. Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati ule, Dakta Harrison Mwakyembe, alitamka hadharani kwamba msanii huyu amenyonywa katika mikataba yake, akaunda kamati ya wanasheria kuichunguza mikataba ya wasanii. Hapo ndipo nchi ilipojifunza kwamba mtu aweza kuwa na sura inayojulikana kuliko sura za matajiri, na kinachoingia mfukoni mwake kikawa kidogo.

Hatutaki hapa kumnyooshea kidole mtu yeyote wala kampuni yoyote, kwa maana mikataba hiyo hatukuisoma na hatuna haki ya kuhukumu. Lakini jambo lenyewe si geni. Kila mmoja wetu amemwona fundi aliyejenga nyumba ya ghorofa naye akalala katika chumba cha kupanga. Amemwona mkulima aliyeuza korosho zake kwa kangomba kabla hazijaanguka mtini. Amemwona kijana aliyetia sahihi karatasi ya kurasa 10 iliyoandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu aliambiwa, "Tia hapa, ni kawaida tu." Mwenye nguvu huandika na mwenye shida hutia sahihi, na siku ya kudai anaonyeshwa sahihi yake mwenyewe.

Mzee Majuto alifariki dunia Muhimbili siku ya Jumatano, tarehe 8 Agosti 2018, naye amepata miaka 70. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Siku ya pili watu walimuaga katika Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, kisha akachukuliwa safari ya kilometa 350 hivi kurejeshwa kwao. Ijumaa, tarehe 10 Agosti, akazikwa shambani kwake Kiruku.

Tanga wana msemo wao maarufu: waja leo, waondoka leo. Siku ile wakubwa walikuja, na wasanii, na wenye kamera. Walilia, walihutubia, wakaondoka, na hatuwalaumu, kwa kuwa kila mtu ana kwao. Mgeni akiisha ondoka, hubaki mjane na watoto, na jirani wa kuwatia moyo, na kaburi la kufagiwa. Basi kumbukumbu ya kweli ya mtu huanzia pale magari yanapogeuza.

TANGAZO LA MAZIKONI

Wapenzi wasomaji, ninyi nyote mnaijua desturi yetu. Jeneza likiisha wekwa mbele ya watu, husimama mmoja katika jamaa za marehemu akasema: "Kama yuko anayemdai marehemu, na atuone sisi warithi wake." Ni desturi njema sana, na asili yake ni katika mafundisho ya Mtume wetu, S.A.W. Imesimuliwa kwamba aliletewa maiti amsalie, akaambiwa kuwa ana deni la dinari chache na hakuacha cha kulilipa, naye hakutaka kumsalia mpaka sahaba mmoja, Abu Qatada, alipojitwika deni lile. Deni si jambo la kufukiwa na udongo.

Lakini tangazo hili lina upande wa pili. Kuna wanaomdai marehemu, na kuna wanaodaiwa na marehemu. Upande huu wa pili husemwa kwa sauti ndogo, na mahali pengine hausemwi kabisa. Na hata ukisemwa, ni nani katika safu zile aliyepata kuinua mkono akasema, "Mimi nadaiwa naye"? Wadai hujitokeza wenyewe, hata na karatasi zao. Wadaiwa huinama wakasoma Fatiha pamoja na watu wengine, wakapangusa uso, wakaondoka.

Kwa mtu wa kawaida, wadaiwa wake huwa wawili au watatu: aliyekopa baiskeli, aliyechukua debe la mahindi, aliyeahidi kulipa kodi ya shamba mwisho wa mwezi. Kwa mtu aliyeonekana katika televisheni, wadaiwa wake ni wengi mno. Yumo aliyemtumia kwa malipo madogo kwa kuwa alijua hakusoma sheria. Yumo aliyeahidi kumlipa baada ya filamu kuuzwa, na filamu ikauzwa, na ahadi ikasahauliwa. Yumo aliyenakili kazi yake katika chumba cha nyuma cha duka akaiuza kwa bei ya karanga.

Na tumo sisi. Hatutaki kuwaficha wasomaji wetu. Katika kabati letu hapa nyumbani tulikuwa na rundo la sahani zile ambazo vijana huziita CD za kuchoma, tulizozinunua njiani kwa bei ndogo bila kuuliza zimetoka wapi. Tulicheka nazo Idi nzima, na wageni wetu wakacheka. Hatukujiona wezi, kwa maana hatukuvunja mlango wa mtu. Siku ile mtoto alipouliza mzee huyu anakaa wapi, ndipo tulipokumbuka kwamba kila mtu aliyemo kiooni ana nyumba mahali fulani, na ada za watoto, na dawa za kununua. Tulikuwa tumekula shambani mwa mtu kwa sababu shamba halina ua.

Ziko habari nyingine katika mkoa huo huo wa Tanga ambazo huzidi kutufundisha. Hussein Mkiety, kijana aliyejulikana kwa jina la Sharo Milionea, alikufa kwa ajali ya gari wilayani Muheza usiku wa tarehe 26 Novemba 2012, akazikwa kijijini kwao Lusanga. Magazeti ya siku zile yaliandika kwa masikitiko kwamba baadhi ya watu waliofika penye ajali walichukua vitu vyake, naye amelala pale pale. Watu hao yawezekana walikuwa wamecheka na vichekesho vyake wiki iliyotangulia. Naye Said Ngamba, yaani Mzee Small, mwana wa Kilwa, aliugua muda mrefu kabla ya kufariki Juni 2014, na waliokuwa wakilikumbuka jina lake walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakibisha hodi mlangoni pake. Twaipenda sura, na mwenye sura twamsahau.

DINI INASEMAJE JUU YA HAYA?

Huenda msomaji mmoja akauliza: je, kichekesho chenyewe ni jambo la kheri, hata tukiandikie katika gazeti la Waislamu? Masheikh wamesema mengi juu ya michezo ya kuigiza, na kila mtu na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lililo wazi ni kwamba Mtume, S.A.W., alikuwa akitabasamu na kufanya mzaha, wala hakusema katika mzaha wake ila kweli. Kisa cha bibi kizee aliyeambiwa kwamba vizee hawaingii Peponi, akalia, kisha akaelezwa kwamba ataingia akiwa kijana, ni kisa kinachojulikana na watoto wa chuoni. Na lililo wazi vile vile ni kwamba ametuonya juu ya mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu. Basi kicheko kina mipaka yake, kama vile chakula na maneno yalivyo na mipaka.

Kuhusu marehemu mwenyewe, tumekatazwa kuwataja maiti kwa ubaya, kwa maana wamekwisha fika kwenye waliyoyatanguliza. Yaliyo baina yake na Mola wake si kazi yetu. Yaliyo baina yake na sisi ndiyo kazi yetu, nayo hayana khitilafu ya masheikh hata kidogo. Tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la Mzee Majuto lilikwisha kauka, na mwili wake umo udongoni, lakini haki haikauki. Huhamia kwa warithi.

Na jambo la mikataba nalo halikuachwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, haizungumzii vita wala sala. Yazungumzia deni na kuandikiana. Yatuamrisha tuandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, tusichoke kuandika deni likiwa dogo au kubwa, na yule asiyeweza kujitetea msimamizi wake amsimamie kwa haki. Sisi twajivunia kuihifadhi aya hiyo, kisha mtoto wetu akipata kazi ya kuimba au kuigiza au kuuza duka la mtu, twamwambia, "Usimwudhi bwana mkubwa kwa kuuliza habari za karatasi." Twaona haya kuuliza kabla ya kazi, kisha twalia baada ya kazi.

Sheria ya nchi nayo ina msaada wake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iliyozaa chombo kiitwacho COSOTA, iliweka kwamba haki ya mtunzi katika kazi yake haifi siku anayokufa, bali huendelea miaka 50 baada yake, ikawafaa warithi. Maana yake ni kwamba mtu aliyetunga kazi akafa mwaka 2018, wanawe na wajukuu wake wana haki katika kazi hiyo kwa muda ambao mjukuu wetu yule aliyeuliza swali naye atakuwa mzee. Lakini haki hiyo humfaa yule ambaye hakuiuza yote kwa sahihi moja akiwa na njaa.

BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, twasema na wazazi. Mtoto akiwa na kipawa, kiwe cha kuchekesha, au cha kusoma kaswida, au cha kupiga mpira katika viwanja vyetu hivi vya Chamazi, msimwache aende peke yake kwa mwenye fedha. Mkataba ukija, uletwe nyumbani, usomwe kwa Kiswahili, kila neno. Kama haueleweki, atafutwe mjuzi wa kuufasiri. Asiyekupa muda wa kusoma hakukusudii kheri.

Pili, twasema na vijana. Mnatamani kuonekana, wala si vibaya kutamani. Lakini jiulizeni, nikionekana na watu milioni, ni nani atakayejua kwamba sijala? Mzee Majuto, pamoja na yote yaliyompata, alikuwa na jambo moja ambalo wengi wenu mnalitupa: alikuwa na kwao. Alikuwa na mji wa kurudi na shamba la kulimwa, na majirani waliomjua kabla hajawa King. Siku ya mwisho kabisa, ardhi iliyompokea ilikuwa yake mwenyewe.

Tatu, twasema na sisi watazamaji. Aliyekula katika kazi ya mtu bila haki na atubu, aache, na anunue kazi halali tangu leo. Akiweza kuwafikishia warithi haki yao, awafikishie. Asipoweza, amtolee marehemu sadaka na amwombee msamaha, kwa maana dua haina kizuizi cha mbali. Kila kichekesho cha maiti kikionyeshwa nyumbani, wazazi wawazoeze watoto kusema: Mungu amrehemu. Ni neno dogo, lakini humkumbusha mtoto kwamba amemwona mtu, wala hakuona picha tu.

Nne, twasema na ndugu zetu wa Tanga, nao ni watu wenye adabu, watatusikia. Mji humkumbuka mwanawe kwa njia nyingi. Wengine huweka jina katika barabara, wengine hufanya tamasha. Hayo yakija ni mazuri. Lakini yako yasiyohitaji kamati wala fedha nyingi: kulitunza kaburi, kuwajulia hali aliowaacha, kuzihifadhi kazi zake za zamani zisipotee, na kuwafundisha vijana wa Tanga wanaotaka kuigiza nini kilimpata mzee wao ili kisiwapate wao. Mtu ambaye kisa chake kimewaokoa wengine ameacha elimu yenye kufaa, na elimu yenye kufaa ni moja katika yale matatu ambayo thawabu zake humfuata mtu hata baada ya kufa.

NENO LA MWISHO

Wahenga wetu walisema kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Marehemu alijulikana kwa jina la Majuto, nalo likawachekesha watu. Leo jina hilo limebaki na maana yake ya asili, na limebaki kwetu sisi. Na kwetu Chamazi lilikuja hasa kama wahenga walivyosema. Lilikuja kwa mdomo wa mjukuu, usiku baada ya Isha, televisheni ikiwa inawaka.

Tangu siku ile tumelitoa lile rundo kabatini. Na katika mazishi yaliyofuata hapa mtaani kwetu, jamaa wa marehemu aliposimama kutoa tangazo, tulimsogelea tukamnong'oneza aongeze upande wa pili, na aseme kwa sauti. Akasema: "Na kama yuko anayedaiwa na marehemu, naye atuone." Watu walinyamaza. Lakini jioni ile, baada ya Magharibi, mtu mmoja alionekana akibisha hodi katika nyumba ya msiba, ameshika bahasha.

Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu Amri Athumani, umsamehe aliyokosa, ulipanue kaburi lake, na uwasimamie aliowaacha. Warehemu na wenzake waliomtangulia na waliomfuata. Nasi utujaalie kulipa kabla hatujadaiwa mbele yako, siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu.

Wabillahi tawfiq.